Ile pishi yenu iko wapi?

BARUA

Assalam alaykum Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Wete, nimeolewa Unguja na nakaa Mwanakwerekwe. Baba yetu ametangulia mbele ya haki wiki nne zilizopita. Aliumwa siku chache, hakumsumbua mtu, akaondoka alfajiri kimya kimya kama alivyoishi. Tumeshamzika, matanga yamekwisha, mama amekaa eda, nami nimerudi Unguja kwa sababu kazi haingoji.

Kilichonifanya nikuandikie ni daftari. Kaka yetu mkubwa ameamua kwamba siku ya hitma ya arobaini usomwe wasifu wa baba, kisha utumwe kwa ndugu zetu wa Maskati, ambao watoto wao hawakumuona babu yao ila kwenye simu. Kazi ya kuuandika nimepewa mimi, ati "wewe ndiye uliyesoma". Nimenunua daftari jipya. Mpaka leo lina mistari sita. Alizaliwa, alisoma chuoni, alioa, alipata watoto saba, alikuwa na mikarafuu, hakugombana na mtu. Basi.

Shangazi, baba hakuwa msemaji. Barazani wenzake wakibishana siasa na mpira, yeye anakunywa kahawa yake, kikombe cha pili anakigeuza, anaondoka. Hakupata kuwa sheha, hakuwa imamu, hakuongoza chama chochote. Shambani, msikitini, nyumbani. Hata mwaka wa kuzaliwa hatuujui: kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1946, na mama tarehe hiyo anaicheka. Picha zake ni mbili, ya kitambulisho, na moja ya harusi ya dada yangu ambayo ameingia nusu: bega, sikio na kofia.

Kaka alipoona siandiki, akaandika yeye. Kamfanya baba "mwanaharakati wa maendeleo", "kiongozi shupavu", "mshauri wa viongozi". Nilipomsomea mama kwa simu alinyamaza, kisha akaniuliza, "Huyo nani?"

Kuna mambo mengine mawili yananikosesha usingizi. Siku ya pili ya matanga alikuja mama mmoja ambaye sisi watoto hatumjui, akamshika mama mkono, akasema baba ndiye aliyekuwa akimnunulia mwanawe sare, viatu na madaftari ya skuli, tangu darasa la kwanza mpaka akamaliza kidato cha nne. Sisi tukatazamana. Mama hakushangaa. Sasa yule mama anataka jambo lile litajwe siku ya hitma, watu wajue. Kaka naye anataka, tena kwa jina la kijana, kwa kuwa siku hizi kijana ana cheo. Mama hataki kulisikia kabisa.

La pili, alikuja mzee mmoja kutoka Mtambwe aliyekuwa akituchumia karafuu miaka ya nyuma. Hata kukaa hakukaa. Aliuliza tu, "Ile pishi yenu iko wapi?" Mdogo wangu akaitoa stoo, pishi ya bati kuukuu ya kupimia, imeshaanza kutu. Mzee akaishika, akapitisha kiganja mara moja juu ya mdomo wake, hivi, kama mtu anayepangusa vumbi, akalia mpaka tukamkalisha. Hakusema kitu. Mpaka leo sijui alichokililia.

Na hili nikwambie kwa kuwa hunijui. Nina hasira kidogo. Watu wengine wanahadithia, baba aliniambia hivi, baba aliniusia vile. Wangu sikumbuki kuniambia hata siku moja kuwa ameridhika nami. Nilipofaulu alisema "Alhamdulillahi", akaenda kuswali. Nilipoolewa alisema "Haya." Hodari wa kuzima taa tu. Kwa umeme wa Tukuza, ule wa mita ya kulipia kabla, alikuwa bahili, Shangazi, feni anazima, taa ya jikoni anazima na wewe umo ndani, yeye na mama wakigombana kwa hilo na si jengine. (Ya barazani ndiyo aliyokuwa akiiacha, wakati ule sijaolewa nafanya kazi ya zamu narudi usiku, sijui kwa nini.) Mtu kama huyu anaandikwa vipi? Na nikiiacha mistari sita kama ilivyo, nitakuwa nimemdhulumu?

Binti wa Wete


JIBU

Wa alaykumu ssalam Binti wa Wete, mwanangu,

Poleni sana na msiba. Mola amrehemu mzee wetu na ampe mama yako subira.

Barua yako ilinikuta nimekalia mbuzi nakuna nazi, nikaisoma kwa mkono mmoja. Nilipofika kwenye pishi, nazi niliiacha. Basi nianze na hapo hapo.

Wewe umekulia mjini na vitabu vyako. Mimi nimekulia kwenye karafuu, upande wa Mkoani, kabla sijaletwa Unguja. Mchumaji wa karafuu analipwa kwa pishi. Kutwa yuko juu ya mkarafuu, jioni anateremsha alichokichuma, watu wanakaa wanachambua, makonyo, yaani vijiti vyake, mbali, karafuu mbali, mpaka vidole vinanuka hata ukila wali unaisikia karafuu. Kishapo mwenye shamba anatoa pishi yake apime. Pishi ni vibaba vinne, hilo kila mtu anakwambia. Lakini kuna anayejaza mpaka karafuu zikasimama kilele, zikawa zinamwagika pembeni, akaongeza na ukufi mwengine juu, ndipo anahesabu "moja". Na kuna anayejaza, akapitisha kiganja juu ya mdomo wa pishi, zilizozidi zikarudi kwenye fungu la mchumaji, naye akahesabu "moja". Hiyo ndiyo pishi ya mfuto. Fungu ni lile lile, lakini kwa bwana wa kwanza utatoka na pishi sita, kwa wa pili pengine nane. Kilele hakilipwi, na mchumaji hana pa kwenda kushitaki. Anaangalia mkono wa mwenye shamba, basi.

Yule mzee wa Mtambwe kaja kukuonesheni mkono wa baba yenu. Katoka kwao kwa jambo hilo tu. Huo ni mstari wa saba wa daftari lako, na ningekuwa mimi ningeufanya wa kwanza, kabla ya "alizaliwa".

Na usiuandike kwa sifa. Usiseme "alikuwa mwadilifu kwa wafanyakazi". Andika pishi ya bati, andika jioni, andika kiganja. Wa Pemba wote watakaokuwepo siku ya hitma watajua umesema nini, na wale watoto wa Maskati wasiojua pishi ni kitu gani watauliza. Wakiuliza umeshinda.

Halafu hayo mabano yako. Kabla ya waya wa chini ya bahari kuletwa kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba tulikuwa tukiishi na umeme wa majenereta, leo upo kesho haupo, na mtu wa umri wa baba yako kakulia kwenye kandili na kibatari, mafuta yanapimwa kwa kijiko. Ukija kumwekea Tukuza ukutani, akaona kwa macho yake pesa inavyoteremka, lazima atazima. Azime feni, azime jikoni na wewe umo ndani unatafuta chumvi. Na mtu huyo huyo anaacha taa moja inawaka nje, usiku, kwa ajili ya nani? Umeandika "sijui kwa nini" na ukatia mabano juu yake. Mwanangu, unajua. Usingejua usingeitaja. Muulize mama yako taa ile ilikuwa ikizimwa saa ngapi, na nani aliyekuwa akiinuka kuizima.

Lakini sikwambii hasira yako uitupe. Mtoto ana haki ya kutaka neno kwa mzazi wake. Neno hilo baba yako hakukupa, na sipendi umuandike kana kwamba alikupa. Watu watakwambia ndivyo walivyokuwa wanaume wa rika lake. Mimi jibu hilo halijanitosha hata siku moja, kwa sababu baba yangu mimi alikuwa rika hilo hilo na alikuwa akituimbia mpaka majirani wakilalamika. Alikuwa hivyo kwa sababu ndiye yeye. Unaweza kuiandika "Haya" yake ya siku ya harusi kama ilivyo, bila ya kuifunika. Wanaomjua watacheka, na kicheko kwenye hitma si dhambi.

Tuje kwa kaka yako. Simlaumu. Mtoto mkubwa wa kiume anabeba jina la nyumba, na naona anaogopa watu wa Maskati wasije wakasema mzee aliishi umri wote ule na hakuna la kuhadithia. Ndio akaazima maneno ya kwenye mikutano. Usimsahihishe mbele ya ndugu. Mpe kazi ambayo wewe huwezi kuifanya: aende akakae kwenye baraza ya kahawa aliyokuwa akikaa baba. Wewe mwanamke utasimama njiani utoe salamu upite, lakini yeye atapewa nafasi na kikombe.

Mwambie asiulize "baba alikuwa mtu wa namna gani". Ataambiwa "mtu mwema, Mungu amrehemu", na mazungumzo yatarudi kwenye mpira. Aulize vitu. Alikuwa akikaa upande gani? Nani alikuwa akimwekea nafasi? Kikombe cha pili alikuwa akikigeuza wakati gani, mabishano yakiwa bado yana heshima au yakishaanza matusi? Kwa sababu, mwanangu, mtu anayegeuza kikombe kila wakati ule ule huenda ndiyo anajibu. Na aulize kama kuna siku mzee alisema jambo wakashangaa. Mtu wa kimya akisema mara mbili katika miaka kumi, baraza nzima inazikumbuka zote mbili.

Mama yako ndiye kitabu chenyewe, na yupo. Eda ni miezi minne na siku kumi. Kwa hesabu yako imebaki zaidi ya miezi mitatu, na muda wote huo yuko nyumbani, wageni wameshapungua, nyumba imekuwa kubwa. Omba ruhusa kazini hata siku mbili tatu, panda boti uende. Daftari liache ndani ya mkoba siku ya kwanza. Kaa naye mchague mchele. Hapo tena usimuulize mapenzi yao, atakwambia una wazimu. Muulize kofia.

Ndiyo, kofia iliyomo kwenye ile picha ya nusu. Bega, sikio na kofia, umesema. Itazame vizuri. Kama ni kofia ya kiua ya mkono, basi kuna mtu alikaa miezi na sindano akaitoboa na kuishona viua kimoja kimoja, na kwetu aghlabu mtu huyo ni mke. Aliishona lini? Kabla ya ndoa au baadaye? Ya ngapi hiyo? Ya kwanza iko wapi? Kitu kikiwa mkononi mdomo unafunguka wenyewe. Mimi mjane mmoja nilimuuliza kuhusu bakora tu, nikatoka pale magharibi imeshaadhiniwa. Na hiyo picha iweke kwenye wasifu, usitie ya kitambulisho. Aliyeingia nusu kwenye picha ya harusi ya binti yake alikuwa njiani kwenda kufanya kitu. Pengine dada yako anakumbuka ni kitu gani.

Mwaka wa kuzaliwa usiutafute kwa tarehe. Hiyo 1 Januari wazee wengi wanayo, ni siku ya karani, si siku ya mama mzazi. Wazee wetu wanahesabu kwa mambo. Waulize: Mapinduzi ya 1964 yalimkuta chuoni au anapanda mkarafuu tayari? Ekari tatu za Serikali zilipokuwa zikigawiwa baada ya Mapinduzi, alikuwa ameoa? Zilipokuja habari za kuuawa Mzee Karume, Aprili 1972, alikuwa wapi, na nani? Na yaliyo karibu zaidi, meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011, alikwenda nyumba zipi kutoa mkono wa pole, alikaa muda gani? Hapo utapata umri wake na utapata na mtu mwenyewe. Mwaka ukikataa kabisa, andika "katika miaka ya arobaini" uendelee. Hakuna atakayekudai risiti.

Sasa lile la sare za skuli, ambalo najua ndilo zito. Mama yako yuko sawa. Unaijua hadithi ya Mtume, rehma na amani zimshukie, ya watu saba watakaopewa kivuli siku isiyokuwa na kivuli ila chake Mola. Mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Mzee kaificha miaka yote hiyo, kaificha hata kwenu mnaolala nyumba moja. Leo amelala kaburini, mtoto wake amfungulie mlango alioufunga kwa mkono wake? Na yule kijana mwenye cheo, pengine hata mkewe hajamwambia. Umasikini wa utotoni ni wake, si wenu wa kuutolea salamu hitmani.

Yule mama ni mwengine. Kilichomfika ni chake, na kinywa ni chake. Akitaka kusema siku ile kwa wanawake wenzake, huko uani, kwa sauti yake na bila ya kumtaja mwanawe, mama yako hana haja ya kumzuia, wala wewe huna haja ya kumwandikia. Kwenye daftari lako weka mstari mmoja tu, "alitoa na hakupenda ijulikane", na hata huo msomee mama kwanza. Akisema hapana, futa.

Kuhusu arobaini yenyewe siingii. Kila nyumba na shekhe wake, na mjadala huo umeshawapotezea watu wengi wakati wa kumwombea maiti. Ila siku hiyo wasifu usizidi ukurasa mmoja. Watu watakuwa wamesoma juzuu zao, pilau inapoa, watoto wanalia. Ukurasa wa pili hausikilizwi na mtu. Kwa hivyo mistari yako sita haikuwa mbali sana, ilikosa pishi na taa. Huo mwengine mrefu, wa Maskati, hauna haraka. Na kwa wale watoto mimi nisingeanza na karatasi. Mrekodi bibi yao kwa simu anapozungumza habari ya kofia, kwa Kipemba chake hivyo hivyo, na jogoo awike nyuma, uwatumie kwa WhatsApp. Baada ya hapo ndiyo uandike, na ukiandika "hakugombana na mtu" useme alikuwa akifanya nini watu wakigombana mbele yake.

Mawili madogo nisije nikasahau. Mtu wa kimya anaweza kuwa na deni la kimya. Najua mlitangaza siku ya maziko, lakini mwambie kaka aulize tena, dukani, msikitini, kwa wachumaji, kwa sababu deni linalipwa kabla ya mirathi. Na ile pishi, hata kama sokoni haina bei, ni ya warithi wote. Usije ukaitia mkobani ukaondoka nayo Unguja kwa mapenzi, ikazuka fitina ya bati. Waombe wenzako. Ukipewa usiipige rangi.

Ukenda kwa mama yako mchukulie mkate wa ufuta wa huku kwetu, ungali moto uuzungushie kitambaa. Halua anayo ya Wete, usimbebee. Eda imemkataza manukato na mapambo. Mkate wa ufuta haukutajwa.

Shangazi